Gari Halishukuriwi

Mwaka 2016 Royal Australian Mint, kiwanda cha serikali ya Australia kinachofua sarafu, kilitoa sarafu 11 za senti 50 kuyaenzi magari ya Holden. Kila sarafu ilibeba picha ya modeli moja kwa rangi, kuanzia ile ya kwanza, 48-215, ambayo Waziri Mkuu Ben Chifley aliizindua Fishermans Bend, Melbourne, tarehe 29 Novemba 1948, ikapokewa kuwa gari la Waaustralia wenyewe. Upande wa pili palikuwa na sura na jina la Malkia Elizabeth II. Sarafu hizo zilipotoka, uamuzi wa Holden wa kuacha kutengeneza magari nchini humo ulikuwa umeshatangazwa tangu Desemba 2013, na gari la mwisho lilitoka kiwandani tarehe 20 Oktoba 2017, katika mji wa Australia Kusini ulioanzishwa mwaka 1955 na kupewa jina la malkia huyo huyo, Elizabeth. Basi jina la mji limo katika sarafu, kwa kupitia malkia, na magari yamo. Walioyatengeneza hawamo. Dola inapofua sarafu kwa ajili ya gari, ni nani hasa anayeheshimiwa, na je, heshima hiyo imemfikia anayeistahili?

Kiswahili kinatusaidia kuanza, kwa sababu kinatenga sifa na shukrani. Gari husifiwa: ni imara, halili mafuta, linapanda mlima bila kulalamika. Hizo ni sifa na linazistahili. Lakini gari halishukuriwi. Anayeshukuriwa ni yule aliyetenda jambo ambalo angeweza kuacha kulitenda, na ambaye akinyimwa shukrani anakuwa amedhulumiwa. Jembe halidhulumiwi. Hushukuriwa aliyelima, na aliyelifua jembe, na mwumini ataongeza kwamba shukrani ya mwisho ni ya Mungu aliyempa kila mmoja wao mikono. Dini zetu zimekuwa kali sana hapa. Kukielekezea chombo kile ambacho ni haki ya mwenye nafsi ndiko kulikoitwa, katika umbo lake kubwa, kuabudu sanamu. Sidai kwamba Waaustralia waliliabudu gari. Ninachosema ni kwamba sarafu ya kumbukumbu ni tendo la shukrani, na shukrani hii imekabidhiwa kitu kisichoweza kuipokea.

Yupo atakayejibu kwamba hakuna deni lolote. Wafanyakazi walilipwa mishahara, wanunuzi walilipia magari, kampuni ilipata faida au hasara yake, na hesabu ikafungwa. Hoja hii ina uzito, maana mafundisho yetu ya kidini yanapozungumzia haki ya mfanyakazi huanza na ujira: Waislamu hufundishwa kumlipa mtu kabla jasho lake halijakauka, na Waraka wa Yakobo unawaonya matajiri wanaozuia ujira wa waliowavunia. Lakini kama hesabu imefungwa kweli, sarafu ni ya nini? Hakuna serikali inayofua sarafu kuadhimisha ankara iliyokwisha kulipwa. Kuadhimisha kwenyewe ni kukiri kwamba baada ya malipo yote kuna kitu kimebaki ambacho fedha haikukifikia. Nami naona kilichobaki kinaweza kutajwa. Mshahara hununua saa za mtu. Hauwezi kununua uangalifu wake wote. Mchomeleaji aliyelipwa saa nane anaweza kuunga bati kiasi cha kumridhisha mkaguzi, au akaunga kama mtu ajuaye kwamba familia asiyoifahamu itasafiri ndani yake usiku. Tofauti ya hayo mawili haionekani katika hati ya mshahara. Holden ilitengeneza zaidi ya magari milioni 7 nchini Australia, na katika viwanda vyake walisimama wenyeji pamoja na wahamiaji kutoka Uingereza, Ugiriki, Italia na Yugoslavia, wengine miaka mingi katika kituo kile kile, wakirudia tendo lile lile kwa mgongo ule ule. Kama nchi ilihisi kuwa ina la kushukuru, ni hilo.

Wala haitoshi kusema kwamba aliyeshukuriwa ni kampuni. Kampuni ni mtu kwa mujibu wa sheria tu, na uhai wake ni wa namna nyingine. Jina la Holden, ambalo dola ililienzi mwaka 2016, lilitangazwa na General Motors, wenye jina hilo, mwezi Februari 2020 kwamba litaondolewa sokoni. Huo ulikuwa uamuzi wa biashara na sioni haja ya kuulaumu hapa. Unaonyesha tu kwamba jina la biashara linaweza kufutwa na lisiumie.

Hoja iliyo ngumu kuliko zote ni ya wanaosema kwamba gari ni ishara. Mtu wa Elizabeth akiiona sarafu ya Holden haoni bati na magurudumu. Anamwona baba yake akirudi kutoka kazini na mikono yenye grisi. Mfanyakazi yumo, wanasema, ila amefunikwa na kazi yake. Nakubali kwamba leo ni hivyo. Lakini sarafu haifuliwi kwa ajili ya leo. Masultani wa Kilwa walifua sarafu ndogo za shaba zisizo na picha, upande mmoja jina la sultani, upande wa pili maneno ya kumtumaini Mungu, yakapangwa yaoane kwa vina na jina lile. Mwaka 1944 mwanajeshi wa Australia aliyekuwa zamu katika Visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi hiyo, aliokota sarafu 9 mchangani, na 5 kati yake zilikuwa za Kilwa. Hebu iwazie sarafu moja kati ya hizo. Soko lake limekufa, watu wake wamezikwa ng'ambo ya bahari, na aliyeiokota hajui kuisoma. Hakuna msimulizi aliyefuatana nayo. Kilichobaki kushuhudia ni kile tu kilichochongwa juu yake, nacho kinamtaja sultani na Mola wake. Fundi aliyeigonga nyundo hatajwi. Fedha inashuhudia vivyo hivyo katika kisa cha watu wa pangoni, Ashabul Kahf: walipoamka kutoka usingizi wao mrefu walimtuma mwenzao mjini na fedha, na wafasiri wa Kurani wanasimulia kwamba fedha hiyo ndiyo iliyofichua kuwa wao ni wa zama nyingine. Watu walikuwa wageni, fedha ikawa shahidi. Senti 50 ya Holden ikiokotwa baada ya miaka 700 itashuhudia kwamba palikuwa na malkia na palikuwa na gari. Baba mwenye grisi mikononi hatakuwapo, kwa kuwa aliyemjua hatakuwapo.

Wapo wanaoona kwamba haya yote ni kuikuza bidhaa ya ukumbusho, inayouzwa kwa wakusanyaji kwa bei iliyozidi thamani iliyoandikwa juu yake. Sikubaliani nao. Picha ya gari kwenye kipande cha chuma bila muhuri wa dola ni beji tu; muhuri ndio unaoifanya sarafu itafutwe. Wakenya waliliona jambo hili kuwa zito kiasi cha kuliweka katika Katiba ya 2010. Ibara ya 231 inasema sarafu na noti zinaweza kubeba alama za Kenya lakini zisibebe sura ya mtu binafsi, na sarafu zilizozinduliwa Desemba 2018 zina twiga, kifaru, simba na tembo.

Lakini nafasi ni ndogo, watasema. Maelfu ya watu hawaenei kwenye sarafu ya sentimita tatu. Hawahitaji kuenea. Khalifa Abd al-Malik alipoondoa picha kwenye dinari mwaka 77 Hijria na kuacha maandishi peke yake, imani nzima ilienea kwenye kipande cha dhahabu kidogo kuliko shilingi. Neno moja lingetosha, na kwa Kiswahili ni moja kweli: walioyatengeneza. Marekani imesogea kidogo upande huo. Katika mfululizo wake wa dola za uvumbuzi, zamu ya Michigan mwaka 2025 ilipewa mstari wa kuunganishia magari badala ya gari fulani. Hata hivyo mstari ni mpango wa kazi, si mtenda kazi. Mwaka 1913, mstari wa kiwanda cha Ford cha Highland Park ulipoanza, wafanyakazi waliikimbia Ford kwa wingi hivi kwamba Januari 1914 ikabidi itangaze ujira wa dola 5 kwa siku.

Thika na Mombasa magari yanaunganishwa hadi leo. Siku Benki Kuu ya Kenya ikitaka kuadhimisha kazi hiyo kwa sarafu, Katiba itaikataza kuweka sura ya mtu yeyote. Neno "wafanyakazi" haikulikataza.