Msikubali "Tutaelewana"



Wajukuu zangu, nimefanya uwakili mjini Iringa mpaka mvi zikanijaa, sasa nimerudi Tosamaganga kulima mahindi na kugombana na ngedere. Sikudhani nitashika tena kalamu. Lakini vijana hawaachi kunijia hapa kibarazani na kesi zilizokufa kabla hazijanifikia, na chanzo huwa kilekile. Walipeana maneno, wakaambiana tutaelewana.

Nianze na mabinti, maana ndio tunaowapoteza wengi. Mkoa wetu umepeleka wafanyakazi wa ndani Dar es Salaam tangu sisi tukiwa vijana. Anakuja mama aliyevaa vizuri, ndugu wa jirani, anakaribishwa chai. Anasema: "Nitamchukua kama mwanangu. Atakula kwangu, atalala kwangu, mshahara nitamtunzia." Wazazi wanashukuru, na nauli analipa yeye. Huko binti anaamka saa kumi alfajiri na kulala saa sita usiku. Pesa yake inatunzwa kweli, mpaka siku atakapoiomba. Hapo ndipo pete ya mama inapopotea, na binti anasindikizwa stendi na mfuko wake wa nguo.

Sikilizeni vizuri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 imewaacha kando wanajeshi, polisi, magereza na JKT. Dada wa kazi haikumwacha kando. Saa za kawaida za kazi ni 45 kwa wiki, likizo ya mwaka ni siku 28, likizo ya uzazi ni siku 84. Mshahara hulipwa kwa mfanyakazi mwenyewe, siku mliyokubaliana. "Nitamtunzia" haimo mle ndani. Na mtoto wa chini ya miaka 14 haajiriwi kabisa, kwa hiyo mzazi anayempandisha basi asije akasema hakujua.

Sasa jambo linalowaponza zaidi. Aliyefukuzwa kazi isivyo halali ana siku 30 za kupeleka mgogoro wake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile mnayoisikia ikiitwa CMA. Anayedai malipo ana siku 60. Mnachofanya ninyi ni kurudi nyumbani kwanza, kulia, na kumsubiri mjomba aongee na yule mama. Mjomba anaongea Pasaka, anaongea tena Krismasi. Wakati huo siku zilishakwisha zamani, na kuomba uongezewe muda ni kesi nyingine inayotaka sababu za maana. Tena shauri hufunguliwa kule kazi ilikokuwa. Ukishapanda basi la kurudi Iringa umejiongezea safari, basi pitia Tume kabla hujakata tiketi.

Msiogope kwamba hamkupewa mkataba wa maandishi. Kuandika ni wajibu wa mwajiri, na akishindwa kuutoa mbele ya Tume, mzigo wa kuthibitisha mlikubaliana nini unamwangukia yeye. Wanasheria wengi wa upande wa pili hawapendi mlijue hilo. Hata hivyo jisaidieni: malipo yapite kwenye simu, na ujumbe wa muamala usifutwe hata simu ikijaa picha za harusi.

Wavulana nao wana pikipiki za mkataba. Unapeleka hesabu kila wiki, mwaka ukiisha chombo ni chako. Mwezi wa kumi na moja tajiri anakumbuka kwamba uliwahi kuchelewesha hesabu, anachukua pikipiki, na kadi ilikuwa na jina lake siku zote. Daftari la hesabu lisilo na sahihi ya anayepokea ni la kufungia karanga.

Ya wapangaji nitayapitia haraka, maana wengi mnaosoma vyuo vya Iringa mmeshayaonja huko Kihesa na Mkimbizi. Sheria ya 1984 iliyodhibiti kodi za nyumba ilifutwa 2005, ndiyo maana mnadaiwa miezi sita au mwaka mzima kabla hamjaingiza godoro, na hamna pa kulalamika kwamba kodi ni kubwa. Kinga yenu ni karatasi tu. Siku ya kwanza pigeni picha ya nyufa za ukuta, andikeni kiasi, tarehe na nani analipia umeme, kisha wote wawili mtie sahihi. Mwenye nyumba akija kung'oa mlango nawe una kodi ndani, una cha kumwonyesha mjumbe na polisi.

Sasa tuje kwenye ardhi, ambayo mkoani kwetu imeshamwaga damu. Siku ya Krismasi 1971, kule Isimani, mkulima Said Mwamwindi alimpiga risasi Mkuu wa Mkoa, Dkt. Wilbert Kleruu, katika mzozo wa shamba na siasa ya vijiji vya ujamaa. Mwamwindi alihukumiwa kunyongwa. Jina la Kleruu limebaki kwenye chuo cha ualimu pale mjini, na mnapita hapo bila kuuliza.

Siku hizi hatuuani, tunauziana. Mji unapanda kuja huku, na kijana wa Dar akisikia bei ya kiwanja cha kijijini anatuma pesa kabla hajakiona. Niliwahi kuletewa hati ya mauziano iliyoandikwa kwenye karatasi ya daftari la shule: mashariki mparachichi, magharibi njia ya ng'ombe, kusini kwa marehemu. Mparachichi umeshakatwa, ng'ombe wamebadili njia, na marehemu wa kusini wako wanne. Muhuri wa mwenyekiti ulikuwepo, mkubwa na wa bluu. Haukutosha. Ardhi ya kijiji husimamiwa na Halmashauri ya Kijiji, na tangu 1985, katika shauri la Nyagwaswa dhidi ya Nyirabu, Mahakama ya Rufani ilisema mauziano yasiyo na idhini yake hayana nguvu. Mwenyekiti peke yake si Halmashauri. Dai muhtasari wa kikao. Uliza pia kama mke wa muuzaji amekubali. Nyumba ya ndoa haiuzwi bila ridhaa ya mwenza.

Mkigombana, msidanganywe kwamba Baraza la Kata litawapa ushindi. Tangu marekebisho ya 2021 linasuluhisha tu. Likishindwa ndani ya siku 30, mnakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Na ardhi nayo ina saa yake: miaka 12. Mtu akivamia shamba la babu yenu mkanyamaza muda huo wote, hamna tena haki ya kumshtaki. Mahakama zimeshikilia kwamba mkaribishwa hawi mmiliki, hata akizeeka pale. Lakini nani atathibitisha kwamba alikaribishwa? Babu alimpa jirani ekari moja alime viazi, hawakuandika, na waliokuwepo ni wazee watatu waliokuwa wakinywa ulanzi chini ya mti. Wengi wa wazee wa namna hiyo tumeshawazika.

Basi likizo hii mkija nyumbani, kabla ya kuzunguka na marafiki, mchukueni mzee aliyebaki mtembee naye mipakani. Waiteni majirani wa pande zote nne, pandeni mikatani pale wanapokubaliana, andikeni, kila mmoja atie sahihi au dole gumba. Kisha nendeni kwa mtendaji wa kijiji mkaombe fomu ya hatimiliki ya kimila. Msiseme mtaifanya mwakani.