SENTI YENYE KOSA NI YA NANI?

 

Kwetu hapa dola yenye mpasuko mdogo tu inakataliwa sokoni. Mama muuza nyanya anaigeuza, anaitazama kwenye jua, anakurudishia. Kumbe huko Marekani, inakotoka dola hiyo hiyo, wako watu wanaotafuta pesa yenye kosa kwa udi na uvumba. Si noti bali senti, sarafu ndogo ya rangi ya shaba ambayo sisi hatuitumii. Wanachukua benki sanduku la dola 25, ndani mna senti 2,500, wanazipitia moja moja, wanabakiza wanazozitaka na nyingine wanazirudisha.

Wanatafuta nini? Mwaka 1955, katika kiwanda cha sarafu cha Philadelphia, muhuri mmoja wa chuma ulitengenezwa vibaya, alama zikaingia mara mbili. Senti zikatoka na tarehe na maandishi mawili mawili, hata jicho tupu linaona. Kosa lilipojulikana, kama 20,000 hivi zilikuwa zimekwisha kuchanganyika na nzuri, wakaziacha ziende. Nyingi zilitoka kama chenji katika pakiti za sigara: mtu anatia senti 25 kwenye mashine, sigara ni 23, senti mbili zimefungwa pamoja na pakiti. Leo moja yaweza kuuzwa zaidi ya dola 1,000.

Iko nyingine ya ajabu zaidi. Mwaka 1943 shaba ilitakiwa vitani, senti zikapigwa kwa chuma kilichopakwa zinki. Vipande vichache vya shaba vya mwaka uliotangulia vikapita mashineni bila kuonekana. Mwaka 1947 mwanafunzi wa mji wa Pittsfield alipata moja katika chenji ya chakula cha shule. Serikali yenyewe ilisema senti ya namna hiyo haipo. Akaiweka tu, miaka sabini, na mwaka 2019 ikauzwa mnadani dola 204,000. (Wako wajanja wanaopaka shaba senti za chuma za 1943 ili kuwadanganya watu, sumaku inawaumbua. Huo ni wizi, hauna mjadala.)

Sasa swali: ile senti ilikuwa haki ya kijana, au ya aliyemrudishia chenji? Mimi nasema ya kijana. Aliyetoa alikuwa analipa deni la senti moja, akalilipa. Hakuna aliyemshawishi wala kumficha neno.

Lakini tuseme mtu huyo huyo, akiwa sasa amejua, anaingia nyumbani kwa mjane, anaona chupa ya senti za marehemu, macho yake yanaangukia ile ya 1955. Anasema: "Mama, nikupe dola tano kwa zote?" Mama anafurahi, anapokea. Hajasema uongo hata mmoja. Je, ni halali moyoni?

Sahaba Jarir bin Abdillah alinunuliwa farasi kwa dirhamu 300. Alipomwona akajua thamani yake ni kubwa kuliko hapo. Akamrudia mwenye farasi, akampandishia bei mwenyewe, mpaka 800, kwa sababu alikuwa amempa Mtume (s.a.w.) ahadi ya kumtakia mema kila Muislamu. Na mtu asiniambie yule mjane si Muislamu. Haki ya bei haiulizi dini.

Watajibu: elimu nayo ni kazi, mtu ameumiza macho miaka mingi juu ya senti. Kweli, na alipwe. Amwambie mama, "Hii ina thamani, tugawane," au amdai ujira. Ujira wa macho si bei nzima ya mali ya mwenziwe. Wanunuzi wa dhahabu wanaokwenda machimboni Kamituga wananielewa: wewe una mizani na bei ya dunia katika simu, mchimbaji ana njaa tu.

Tarehe 12 Novemba 2025, Philadelphia walipiga senti za mwisho za kutumika madukani. Zilizopo bado ni halali kulipia, na nyingi mno zimelala majumbani katika makopo na chupa, na anayebisha hodi kuzinunua mara nyingi anajua kuliko mwenye chupa.