Mwenye mashini za kale: bwana wa mali ao mlinzi wa amana?

Wazee walituachia mithali mbili zisizopatana. Moja yasema: Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Ya pili yasema: Ya kale dhahabu. Sisi sote twazikubali zote mbili, kila moja kwa wakati wake. Lakini tukiulizwa sababu ya kutunza kitu cha kale, hasa mashini iliyoshindwa na mashini nyingine tangu siku nyingi, twakosa jibu upesi. Tena kuna swali zito kupita hilo: mwenye kukitunza ana deni gani kwa wenzake? Tulichunguze neno hili kwa mfano wa watu wanaokusanya kompyuta za zamani za Japani.

Kwanza yafaa tuzifahamu mashini zenyewe. Mwaka 1979 kampuni ya NEC ilianza kuuza kompyuta iitwayo PC-8001, kwa bei ya yeni 168,000. Ilikuwa mashini ya kuweka juu ya meza nyumbani, si ile mikubwa yenye kujaza chumba kizima. Hitachi na Sharp walikuwa wamekwisha kutoa zao mwaka 1978, na Fujitsu wakafuata. Mwaka 1983 makampuni mengi yalipatana juu ya mpango mmoja ulioitwa MSX, ili programu iliyoandikwa kwa mashini ya Sony ifanye kazi vilevile katika mashini ya Panasonic ao ya Yamaha. Mpango huo ulifika mbali: huko Kuwait kampuni ya Al Alamiah iliuza mashini za MSX zenye kuandika Kiarabu, kwa jina la Sakhr. Na mwaka 1987 Sharp walitoa X68000 kwa yeni 369,000, yenye umbo la minara miwili midogo iliyosimama pamoja.

Pengine msomaji atauliza: Kwa nini Wajapani hawakununua tu mashini za Marekani? Sababu ni maandishi yao. Sisi twaandika kila neno kwa herufi zisizofika 30. Lakini orodha ya serikali ya Japani ya mwaka 1981 ilitaja alama 1,945 za matumizi ya kila siku, na kila alama, ili isomeke vema katika kioo cha mashini, ilihitaji kuchorwa kwa nukta 16 kwa 16. Mashini ndogo za nyakati zile hazikuwa na nafasi wala mbio za kutosha. Ndiyo maana Wajapani walijitengenezea zao, na PC-9801 ya mwaka 1982 iliandaliwa nafasi ya kipande maalum cha kushika maumbo ya alama hizo. Baadaye, mwaka 1990, ilitokea programu iitwayo DOS/V, iliyowezesha kompyuta ya kawaida kuchora alama hizo bila kipande kile. Kisha ikaja Windows 95. Mwaka 2003 NEC waliacha kabisa kutengeneza jamii ya PC-9801.

Basi, mashini hizi hazikuwa mbovu. Zilitengenezwa kwa shida fulani, na shida hiyo ilipopata dawa nyingine, watu wakaziacha.

Leo wako watu, huko Japani na katika inchi nyingine pia, wanaozitafuta, wanazitengeneza na kuzitumia. Kazi yao si nyepesi. Ndani ya mashini mna vikopo vidogo vya kushika umeme. Vikizeeka, vyavuja maji makali yenye kula mistari ya shaba. Betri nazo zavuja. Mikanda ya mpira yageuka kuwa kama lami. Diski za programu zaota ukungu kwa sababu ya unyevu wa hewa, na mtu akiitia diski yenye ukungu katika mashini bila kuisafisha, maandishi yake yakwanguliwa na kupotea. Hata umeme wahitaji uangalifu: ule wa Japani ni wa volti 100, basi mwenye kuchomeka mashini hiyo ovyo katika volti 220 ataiunguza mara moja.

Je, taabu hii yote ni ya nini? Wengi watasema ni upuzi, kwani simu ndogo ya mfukoni yashinda mashini zile mara nyingi sana. Neno hilo ni kweli, lakini halimalizi shauri. Wajapani wenyewe wana desturi ya kale iitwayo hari-kuyō. Siku moja ya mwaka, mahali pengi tarehe 8 Februari, washonaji huzichoma sindano zao zilizovunjika katika chakula laini cha soya, kuzishukuru kwa kazi zilizofanya. Hatusemi kwamba sindano ina masikio. Twasema kwamba mtu mwenye kushukuru hujifunza kutodharau kazi ya mikono, yake na ya wenzake.

Tena mashini zile zafundisha. Nyingi, ukiziwasha, zakungoja uandike amri kwa lugha iitwayo BASIC. Vijana walinunua magazeti, kama lile la MyCom BASIC Magazine lililotoka tangu 1982 hata 2003, wakanakili programu herufi kwa herufi. Herufi moja ikikosewa, mashini yakataa. Basi kijana alilazimika kurudi nyuma, kutafuta kosa lake na kulisahihisha. Wengi walitaka michezo tu, tusidanganyane. Lakini hata hao walijifunza uvumilivu katika kuutafuta mchezo.

Lakini kuna hatari. Upendo wa vitu huanza kwa furaha na kugeuka polepole kuwa tamaa. Mtu ananunua moja, kisha tano, kisha nyumba yajaa, na karo ya watoto yachelewa. Mwingine ananunua sanduku lisilofunguliwa bado, analifungia kabatini, anangoja bei ipande. Huyo hapendi mashini. Anapenda bei yake. Twaweza kumtambua kwa swali hili moja: Je, atafurahi akisikia kwamba mwenzake amepata ya namna ileile?

Hapo twafika kwenye shauri gumu zaidi. Chukueni mtu mwenye diski ya mwisho ya programu fulani. Kampuni iliyoitengeneza imekwisha kufa. Diski ni yake. Aliinunua kwa haki. Aweza kukataa isinakiliwe, kusudi ibaki moja tu na ya thamani kubwa. Sheria yaonekana kuwa upande wake, kwani hata mwenye kunakili ahitaji ruhusa ya mwenye haki ya kazi ile. Je, atenda vema?

Tufikiri juu ya mkulima mwenye mbegu ya mwisho ya mtama mzuri. Mbegu yatoka katika shamba lake, na mwenye kumwibia atenda vibaya. Hata hivyo, akiificha katika chungu mpaka dudu waimalize, kijiji kizima chapata hasara, naye mwenyewe hapati kitu. Haki ya kushika haikumpa haki ya kuangamiza. Diski ni vivyo hivyo, kwani ukungu haungoji. Kuinakili kwa kuiokoa si kuiuza sokoni. Na pale mwenye haki anapojulikana, lazima aombwe. Wengine hukubali: mwaka 2000 Sharp walitoa wazi kwa watu wote programu ya kuendeshea X68000. Na huko Tokyo, tangu 2011, chama kiitwacho Game Preservation Society chajitolea kusafisha na kuhifadhi diski za namna hiyo kabla hazijaoza.

Kwa hiyo jibu letu ni hili: kukusanya si kosa, wala si sifa. Kuna vitu ambavyo, kwa kuwa vimebaki vichache, mwenyewe amekuwa mlinzi wa kazi ya wengine, hata kama hakutaka. Mlinzi mwema huvitumia, huwaonyesha vijana, huruhusu nakala, na hujua atamwachia nani atakapokufa.

Shauri hili haliishi huko Japani. Katika nyumba zetu nyingi mna kaseti za sauti za wazee, nyimbo za arusi, picha za watu ambao majina yao yajulikana na bibi mmoja tu. Kaseti nazo zaota ukungu, na mashini za kuzisikiliza zapungua. Mwenye kaseti ya namna hiyo atafute mtu mwenye mashini nzima, aitoe nakala, awagawie ndugu zake. Na bibi aulizwe majina mwaka huu, yaandikwe nyuma ya picha.