"Mfumo Umekataa": Je, Ni Udhuru?



Mwaka jana nilimsindikiza babu yangu kwenye ofisi moja hapa Mombasa kuandikishwa. Alipoulizwa alikozaliwa, akajibu, "Kudha." Karani akaandika, akafuta, akaandika tena. Katika orodha iliyomo ndani ya kompyuta Kismayo ilikuwamo, lakini kisiwa chetu hakikuwamo. "Samahani mzee," akasema, "mfumo umekataa. Nikuandikie Kismayo?"

Babu akamtazama kwa upole. "Mwanangu, huyo mfumo ni nani? Mwite nizungumze naye."

Tulicheka sote, karani naye akacheka. Kisha akabonyeza Kismayo. Tukiwa njiani kurudi nyumbani sikuona tena cha kuchekesha. Kwa Mbajuni, jina la kisiwa ndilo ushahidi wa asili yake. Siku atakayohojiwa kuhusu mitaa ya Kismayo, mzee aliyekulia baharini Kudha atajibu nini? Na akionekana muongo, uongo huo ni wa nani?

Katika usul al-fiqh tunasoma kwamba taklifu hufuata uwezo. Asiyeweza kusimama huswali ameketi, wala halaumiwi. Kwa kipimo hicho karani ana udhuru: aliona kosa, alitaka kulirekebisha, na hakuwa na njia ya kulifikia. Lakini udhuru wake haukutoka mbinguni. Kuna mtu aliyeitunga orodha ile, akaifunga, akaondoka. Aliyemnyang'anya mwenzake uwezo wa kutenda haki amejitwika dhima ya haki hiyo, hata kama hakukusudia.

Tumezoea kudhani kompyuta ndivyo zilivyo, kwamba fundi huamua na mtumiaji hufuata. Si lazima iwe hivyo. Katika miaka ya 1970, huko California, Alan Kay na wenzake katika maabara ya Xerox PARC walitengeneza Smalltalk, mfumo ambao mtumiaji aliweza kuufungua na kuubadilisha ukiwa unaendelea kufanya kazi. Karibu na kwetu, mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zinazozungumza Kiswahili. Hawakulazimika kumbembeleza mwenye kampuni, kwa sababu leseni ya OpenOffice ilimruhusu yeyote kuifungua na kuibadilisha. Hata jedwali la Excel, ambalo wengi wetu tunalitumia, ni mlango mdogo wa aina hiyo: asiyejua kuandika programu huweza kulipangia hesabu zake mwenyewe.

Je, basi jibu ni kufungua kila kitu? Hapo ndipo lazima nikiri kosa langu. Nimewahi kusaidia kutunza hesabu za sadaka za kuwalipia karo wanafunzi wenye dhiki. Jedwali lilikuwa wazi, na usiku mmoja nikaongeza majina mawili chini yake bila kurekebisha kanuni ya kujumlisha. Jumla haikuwahesabu. Fedha zikagawanywa, na ndugu wawili wakakosa haki yao mpaka mmoja alipokuja kuuliza kwa haya, kana kwamba mwenye kosa ni yeye. Safari hii sikuweza kusema mfumo umekataa. Mfumo ulikubali kila nilichoutendea.

Nilimsimulia babu. Badala ya kunikemea alinipa habari za mtepe, chombo ambacho Wabajuni walisifika kwa kukijenga. Yeye hakuuona ukisafiri. Aliusikia kwa wazee wake. Mbao zake hazikupigiliwa misumari ya chuma, zilishonwa kwa kamba za nazi. Kwa sababu hiyo ulilegea na wimbi badala ya kupasuka, na ubao ukioza uliweza kufumuliwa na kushonwa mwingine. (Mwaka 2003 mafundi walijenga mfano wake Zanzibar, wakauita Shungwaya.) "Lakini ulivuja," akasema babu. "Daima palikuwa na mtu wa kufua maji. Ukitaka chombo cha kushonwa, usilale."

Maneno hayo yalinirudisha darasani, kwa Imam Shafii, ambaye watu wa pwani yetu tunafuata madhehebu yake. Alipohama Iraki kwenda Misri alizipitia upya rai zake, akabadilisha nyingi, na hata kitabu chake cha Risala akakiandika upya. Ndiyo maana wanazuoni wetu husema kauli ya zamani na kauli mpya. Yeye ndiye aliyebadilisha madhehebu yake mwenyewe, tena akiwa hai na watu wakimfuata. Lakini tazama alivyobadilisha: misingi aliishika, dalili zake alizieleza, na wanafunzi wake walizipokea. Kauli za zamani nazo hazikupotea. Zimehifadhiwa vitabuni, na katika masuala machache wanazuoni wa baadaye wamezirudia.

Mimi nilibadilisha jedwali usiku, peke yangu, bila kuacha alama. Laiti ningemwita mwenzangu mmoja atazame, na kuandika nilichogusa na kwa nini, ndugu wale wawili wasingefedheheka.

Kwa hiyo naona hivi. Chombo kinachobadilika ni bora, lakini si kwa sababu kinatupa raha. Kinatuondolea udhuru. Penye uwezo wa kurekebisha huingia wajibu wa kurekebisha, na penye uwezo wa kuharibu huingia amana. Anayekifunga chombo ili watumiaji wasikiharibu ana hoja, maana mimi ni shahidi wa uharibifu huo. Ila aache upenyo kwa yule aliye mezani, anayemwona mzee mbele yake: nafasi moja ya kuandika lisilomo kwenye orodha, pamoja na jina lake na sababu. Kudha ingeenea hapo.

Wengi wetu tunaosoma gazeti hili kesho tutakuwa makarani, wahasibu, walimu na waandishi wa programu. Kabla ya kumwambia mtu kwamba mfumo umekataa, tujiulize: ni kweli siwezi, au sijajaribu? Na ukiwa wewe ndiye uliyeitunga orodha, rudi uitazame. Fomu ya babu yangu bado inasema Kismayo.

Wallahu aalam.