Kulala Penye Mawe ya Namoratunga

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba wake. Ama baada ya hayo.

Ndugu zetu wa darasa la Lodwar na la Kakuma: mmetuletea suala, nalo ni hili. Vijana wetu walitoka na mahema wakalala usiku mmoja jangwani, karibu na mawe ya Namoratunga, kando ya barabara itokayo Lodwar kwenda Kalokol. Mmoja wao aliweka kijiwe juu ya nguzo, kama wafanyavyo wapita njia wengi, ili safari iwe ya heri. Wa pili alikwaruza jina lake katika jiwe. Wa tatu alighadhibika, akasema kuwa mawe haya ni masanamu na wajibu wetu ni kuyavunja. Waliporejea, darasa likagawanyika. Mnauliza nani kati yao aliyepata.

Jawabu letu ni kuwa wote watatu wamekosea.

Kutoka kwenyewe hakuna ubaya. Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Kuruani, si mara moja, tutembee katika ardhi tutazame ulikuwaje mwisho wa waliotutangulia. Lakini mwenye kutazama yampasa ajue anatazama nini. Namoratunga, kwa lugha ya Kiturkana, maana yake ni watu wa mawe. Wenyeji husimulia kuwa walikuwa watu wakicheza ngoma, wakageuzwa mawe. Mwaka 1978 wataalamu wawili waliandika kuwa nguzo hizo, 19 kwa hesabu yao, zimepangwa kwa kufuata nyota. Wengine wakaja wakaipinga kauli hiyo. Karibu na Lokori pana mahali pengine penye jina hilo hilo, penye makaburi yaliyozungukwa na mawe yaliyochorwa alama zinazofanana na chapa wanazopigwa wanyama hata leo. Na mwaka 2018 zilitangazwa khabari za Lothagam, upande wa magharibi wa Ziwa Turkana. Hapo, penye nguzo za namna hii, inakisiwa walizikwa watu wasiopungua 580, kiasi cha miaka 5000 iliyopita: wake kwa waume, wazee na watoto, karibu wote na mapambo yao, wala haikuonekana alama ya kumtenga mkuu na mdogo.

Tuanze na aliyeweka kijiwe. Huenda akasema kuwa alifanya mchezo tu. Lakini moyo unaotaraji heri kwa jiwe umeanza kuitaraji kwa asiyeweza kuitoa. Sayyidna Umar alipolibusu Jiwe Jeusi, nalo limo katika Nyumba ya Mwenyezi Mungu, alieleza mbele za watu kuwa analijua ni jiwe, halidhuru wala halinufaishi, na kwamba analibusu kwa kumfuata Mtume tu. Ikiwa hivyo ndivyo alivyosema juu ya jiwe lile, tuseme nini juu ya jiwe la njia ya Kalokol?

Ama aliyekwaruza jina lake, ameharibu amana isiyo yake, ambayo hata sheria ya nchi ya mwaka 2006 juu ya turathi inaihifadhi. Tena amejidanganya. Waliosimamisha nguzo hizi walikuwa na nguvu na ujuzi, na leo hatujui jina la hata mmoja wao. Yeye ataraji jina lake lidumu kwa ncha ya msumari? Jina la mtu hudumu kwa amali yake.

Ama aliyetaka kuvunja, ghera yake tunaipenda, lakini elimu imempungukia. Mtume (S.A.W.) alivunja masanamu ya Al-Kaaba mwaka wa 8 wa Hijra, nayo yakiabudiwa. Mwaka wa 9, akienda Tabuk, alipita Al-Hijr penye majumba ya Thamud yaliyochongwa majabalini, wala hakuamrisha yabomolewe. Aliwaamrisha masahaba wasiingie humo ila kwa kulia na kuzingatia. Na masahaba walipoifungua Misri waliyakuta majengo ya Mafirauni, wakayaacha, nayo yapo hata leo. Atasema mtu: basi na tusilale Namoratunga, tupite mbio kama walivyopita Al-Hijr. Twamjibu kuwa Thamud tumeambiwa kuwa waliadhibiwa. Watu hawa hatukuambiwa neno, na khabari zao ziko kwa Mola wao. Ikiwa yuko aliye jirani anayeyataraji mawe, dawa yake ni kufundishwa kwa upole. Nyundo itamwongezea chuki tu.

Basi alalaye pale alale kwa adabu. Asikanyage wala asikalie makaburi, kwani Mtume alisimama kwa jeneza la Myahudi, akasema kuwa naye ni nafsi. Asikate kuni ovyo: miti ya kandokando ya Mto Turkwel ina wenyewe, koo kwa koo, na Waturkana huiita haki hiyo ekwar. Kuikata bila idhini ni kula mali ya mtu. Asichafue kivuli wala njia, mambo ambayo Mtume ameyakemea vikali. Maji ya mfugaji asiyahodhi. Kibla chake ni kaskazini, kikielekea mashariki kidogo, na Nyota ya Kaskazini huko iko chini karibu na upeo wa macho. Nyota ni za kuongozea njia, si za kutabiria.

La mwisho ni lenu, enyi ndugu wa Lodwar. Neno kambi kwenu ni furaha ya usiku mmoja. Kwa ndugu zenu wa Kakuma, tangu mwaka 1992, ni maisha. Wako waliozaliwa humo wakaolewa humo. Mtakapotoka tena, tokeni pamoja nao, mle sahani moja, na mkumbuke wale wa Lothagam waliolala ardhini bila ya mkuu na mdogo. Asubuhi kunjeni mahema, zoeni taka zenu, na kisibaki nyuma yenu ila alama za sijda, nazo upepo utazifuta.

Wabillahi tawfiq.