Masizi Juu ya Theluji



Himdi zote ni za Allah, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na maswahaba zake. Amma baad.

Ndugu zangu katika imani, Abu Huraira (R.A.) alimuuliza Mtume (S.A.W.) husoma nini anaponyamaza baina ya takbira na kisomo. Mtume akamfundisha dua ambayo wengi wetu tumeihifadhi: kumwomba Allah atutenge mbali na makosa yetu, atutakase kama nguo nyeupe inavyotakaswa, na atuoshe kwa maji, theluji na mvua ya mawe. Hadithi hii wameipokea Bukhari na Muslim. Tunaisoma katika swala, ingawa wengi wetu hatujawahi kugusa theluji. Wenzetu wa Kasese angalau huiona kwa mbali juu ya Rwenzori.

Leo nataka tuizungumze theluji yenyewe, kwa sababu nayo tumeichafua.

Katika milima ya Himalaya, masizi yanatua juu ya barafu. Yanatoka kwenye magari ya dizeli, matanuri ya matofali, mabua yanayochomwa mashambani, na majiko ya kuni na samadi. Upepo huyabeba hadi juu kabisa, mahali ambapo hapana gari wala jiko. Watafiti walichimba barafu ya Mlima Everest, ambayo huhifadhi tabaka za miaka iliyopita kama kurasa za daftari. Walikuta kwamba masizi ya kati ya mwaka 1975 na 2000 yalikuwa takriban mara tatu ya yale ya kati ya 1860 na 1975.

Theluji mpya na safi hurudisha zaidi ya asilimia 80 ya mwanga wa jua unaoipiga. Masizi kazi yake ni kunyonya mwanga huo na kuugeuza joto, kama kanzu nyeusi juani. Chembe zake ni ndogo mno, na mara nyingi jicho halizioni. Lakini theluji ikianza kuyeyuka, maji huenda zake na masizi mengi hubaki juu. Uso unazidi kuwa mweusi, na kadiri unavyozidi weusi ndivyo unavyozidi kuyeyuka.

Je, habari hii si tumeisikia kwingine? Tirmidhi amepokea kutoka kwa Abu Huraira kwamba mja akitenda dhambi, hutiwa doa jeusi moyoni. Akiacha, akaomba msamaha na kutubia, moyo husafishwa. Akirudia, doa huongezeka mpaka linaufunika moyo wote. Mtume (S.A.W.) akaeleza kwamba hiyo ndiyo kutu iliyotajwa katika Suratul Mutaffifin, aya ya 14. Hakuna doa moja linaloua moyo. Kinachouua ni ile kauli yetu ya "kidogo tu".

Kauli hiyo naijua vizuri. Ramadhani iliyopita, baada ya futari ya pamoja, mimi ndiye niliyewasha moto nyuma ya msikiti kuchoma sahani za plastiki. Mama mmoja jirani akaja na mtoto anayekohoa, akaniomba nizime. Nikamjibu, "Ni moshi kidogo tu, mama." Kisha nikaingia kuswali tarawehe. Nilipofika kwenye ile dua ya theluji, ulimi ukawa mzito. Ninaomba kuoshwa niwe mweupe, na moshi wangu umo kifuani mwa mtoto wa jirani!

Sidai kwamba moshi wangu ulifika Himalaya. Nasema tabia ni ile ile. Anayewasha tanuri hamjui mkulima wa Pakistani anayetegemea Mto Indus, mto unaolishwa na theluji na barafu ya milima hiyo. Nami sikutaka kumjua yule mtoto. Mtume (S.A.W.) ametuwekea msingi: hakuna kudhuru wala kudhuruana. Na Suratuz Zilzala inatukumbusha kwamba uzito wa chembe, wa kheri au wa shari, tutauona.

Lakini kuna bishara. Hewa ukaa hukaa angani kwa karne nyingi, ila masizi hukaa siku chache hadi wiki chache tu, kisha huanguka. Maana yake ni kwamba tukiacha leo, hewa husafika upesi, na theluji mpya huanguka ikiwa safi. Mlango wa toba nao uko hivyo: anayeacha hasubirishwi. Ila wanazuoni wametufundisha kwamba dhambi inayogusa haki ya mtu haitoshi kuomboleza kwa Allah. Lazima umwendee mwenye haki. Nilimwendea yule mama. Alinisamehe, akaniambia, "Mwanangu, msichome tena."

Basi Ramadhani ijayo, tufuturu kwa sahani za kuosha. Kuosha vyombo vya watu mia ni kazi, najua, nami najiandikisha wa kwanza. Taka zipelekwe zinakokusanywa, zisichomwe ukutani mwa jirani.

Ewe Allah, tuoshe makosa yetu kwa maji, theluji na mvua ya mawe, na utujaalie tusiwe wenye kuichafua rehema tunayokuomba. Amin.

Wabillahi tawfiq.