Haki ya Mbwa na Deni la Mwalimu Wake

Katika Kiswahili mbwa hana jina jema. Mtu akitaka kumtukana mwenzake humwita mbwa. Akitaka kuzidisha, humwita mbwa koko. Wahenga wa pwani wametuonya kuwa ukizoeana na mbwa atakufuata mpaka msikitini, na fikihi ya Imamu Shafi yataka chombo kilichorambwa na mbwa kioshwe mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Kwa hiyo msomaji aweza kucheka akisikia kuwa katika Marekani, na sasa hata Nairobi, ziko nyumba za biashara zinazopokea mbwa asubuhi, zikamlisha, zikamchezesha na kumfundisha adabu, na jioni mwenyewe akitoka kazini huja kumchukua kama mzazi amchukuavyo mtoto shuleni. Kicheko hicho hakina ubaya. Lakini nyuma yake liko swali: je, mtu aweza kuwa na deni kwa mnyama? Na kama aweza, deni hilo laweza kulipwa na mtu mwingine kwa ujira?

Naona heri kulipeleka swali hili Soitsambu kuliko kulijibu mjini. Soitsambu ni kata katika tarafa ya Loliondo, wilaya ya Ngorongoro, upande wa mashariki wa Hifadhi ya Serengeti. Huko mbwa, ambaye Wamasai humwita oldia, halipiwi mlezi. Hulala nje katika boma, na kazi yake ni sauti: fisi au chui akikaribia usiku, yeye hubweka na watu huamka. Chakula chake ni makombo na alichojiokotea. Hakufundishwa na mwalimu yeyote. Alifumbua macho katikati ya mbuzi na ng'ombe, akawahesabu kuwa wenzake. Elimu hiyo isidharauliwe. Huko Namibia, tangu 1994, shirika moja la kuhifadhi duma limekuwa likiwapa wafugaji mbwa wakubwa wenye asili ya Uturuki, ili mifugo ilindwe na duma wasipigwe risasi. Na siri ya mafunzo yao ni hiyo hiyo. Mtoto wa mbwa hutiwa zizini angali mdogo, akakua akidhani kundi ni ukoo wake.

Mwaka huo huo wa 1994 mbwa wa vijiji vilivyoizunguka Serengeti walishitakiwa shitaka kubwa. Ugonjwa wa distempa uliingia katika simba wa hifadhi, ukaua kama simba 1,000, yaani thuluthi moja yao. Virusi vyake vilihusishwa na mbwa wa nyumbani, na lawama ikawaangukia. Utafiti uliotolewa mwaka 2015 ulionyesha kuwa jambo hilo si jepesi hivyo: virusi vyaweza kuzunguka katika wanyama wa porini pia, hata mbwa wakichanjwa. Lakini hata kama mbwa peke yake ndiye aliyeleta maradhi, twapaswa kuuliza nani aliyempa kazi ya kulinda akamnyima chanjo. Kichaa cha mbwa ndicho kipimo kilicho wazi zaidi. Mtu akishaanza kuonyesha dalili zake hafi kwa nadra, bali hupona kwa nadra sana, na miongoni mwa wanaoumwa wamo watoto wengi. Chanjo ya kwanza alipewa binadamu na Pasteur mwaka 1885, na mbwa saba katika kila kumi wakichanjwa maradhi hayo hukatika. Basi mbwa asiyechanjwa hubeba kosa la mwingine kinywani mwake.

Chui hatumdai wala hatudai; haki yake ni kuachwa. Mbwa ni habari nyingine. Wahenga wake waliiacha njia ya mbwa mwitu miaka 15,000 iliyopita au zaidi, wakaja kando ya moto wetu, nasi tukawazalisha hata wakawa hawawezi kuishi vema pasipo sisi. Amfanyaye mwingine amtegemee amekwisha kutia sahihi mkataba, hata kama hakuna karatasi.

Yupo atakayesema: mfugaji ana watoto wa kusomesha, atatoa wapi fedha za mbwa? Hoja hii ina nguvu, nami siipuuzi. Lakini deni hupimwa kwa kazi iliyochukuliwa. Aliyechukua sauti ya usiku anadaiwa makombo na sindano, wala hadaiwi godoro. Tajiri wa mjini hakuchukua sauti; alichukua mapenzi, kisha akamfungia mbwa ndani mchana kutwa. Huyo anadaiwa mapenzi, na hayo ni shida kuyatuma kwa mkono wa mtumishi. Nyumba ya malezi ni bora kuliko mnyororo, nakiri. Ila hulipa sehemu ndogo ya deni.

Katika mafunzo mambo ni magumu zaidi. Usa River, karibu na Arusha, tangu 2014 mbwa wamefundishwa kunusa pembe za ndovu na za faru, wakapelekwa kazini katika viwanja vya ndege na bandari ya Mombasa. Mbwa hajui ndovu ni nini. Anachotafuta ni mpira wa kuchezea ambao hupewa kila akinusa sawa. Je, amedanganywa? Nadhani hapana, maadamu mpira haukosekani. Uongo ungeanza siku mwalimu atakapouficha. Kurani yenyewe, katika Sura ya Maida, yahalalisha windo la mnyama aliyefunzwa. Mafunzo humpa mnyama cheo, na cheo humfunga aliyekitoa.

Liko jambo la uzee. Panya Magawa, aliyefundishwa Morogoro, aligundua zaidi ya mabomu 100 huko Kambodia, akapewa medali ya dhahabu mwaka 2020. Alistaafu mwaka 2021, akaendelea kutunzwa mpaka akafa Januari 2022. Mbwa wa boma hapewi medali. Masikio yake yakiziba, fisi hupita naye amelala, na mwenye boma, ambaye hakusoma insha yoyote juu ya wanyama, hana budi kuamua asubuhi kama atamtupia mfupa au hapana.